Carla Jean kauawa au kaachwa? Angalia buti, achana na DJ

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Majengo, Moshi, nalifupisha: "Kaka shikamoo. Mimi na kaka yangu tumeangalia No Country for Old Men, ile iliyoingizwa sauti ya Kiswahili na DJ. Mwishoni yule muuaji mwenye nywele za ajabu anamkuta mke wa steringi nyumbani, wanaongea, dada anakataa kuchagua upande wa shilingi, alafu ghafla jamaa yuko nje anaondoka. DJ akasema kamwacha, dada kamshinda kwa maneno. Kaka yangu anasema kauawa. Mimi nasema kama kauawa wangeonyesha, mbona wengine wameonyeshwa? Nani yuko sahihi?"

Marahaba mdogo wangu. Nisikuzungushe, kaka yako kapatia. Carla Jean kauawa humo chumbani na picha yenyewe imekuambia, ila imekuambia kwa sekunde chache ambazo hakuna mtu anaongea, na bahati mbaya sekunde kama hizo ndo DJ anazitafuta ili aweke maneno yake. Simlaumu sana, watu wa kibanda umiza hawajatoa hela yao kuja kuangalia mtu amekaa kimya kitandani, na DJ akinyamaza dakika nzima wataanza kumpigia kelele mwenye banda wakidhani saundi imekata. Lakini hii picha imejengwa kwa kimya, muziki karibu haupo kabisa, kwa hiyo DJ akijaza kimya anakuwa anaongea juu ya ushahidi.

Kwa ambao hawajaiangalia: simulizi nzima naimwaga hapa, kama hutaki ishia hapa. Picha ni ya 2007, ya wale ndugu wawili Joel na Ethan Coen, imetoka kwenye kitabu cha Cormac McCarthy cha 2005, na ilibeba Oscar 4 ikiwemo ya picha bora. Mambo yanatokea Texas mwaka 1980. Llewelyn Moss anawinda porini, anakuta magari na maiti za watu wa madawa waliouana, anaondoka na begi lenye dola milioni 2. Anton Chigurh (Javier Bardem, Mhispania) anatumwa kulirudisha begi, anaua kila anayemsogelea, saa nyingine kwa ile mashine ya hewa ya machinjioni wanayopigia ng'ombe kwenye paji la uso. Sherifu mzee Ed Tom Bell anafuata nyuma yao na kila mahali anafika watu wameshaondoka. Carla Jean ni mke wa Moss, kaigiza Kelly Macdonald, ambaye kwa taarifa yako ni mtu wa Glasgow kule Scotland, na ile lafudhi ya Texas kaiiga tu, sijui kaipatia vipi vile.

Sasa tuje kwenye buti. Sini ya mwisho ya Carla Jean inakatwa katikati ya maongezi. Kakataa kuchagua, kamwambia jamaa kwamba shilingi haina sauti kwenye hili, anayeamua ni yeye mwenyewe, jamaa anajibu kwamba yeye na hiyo shilingi wamefika hapo kwa njia moja, alafu kata, tuko nje tunaangalia mbele ya nyumba. Mlango unafunguka, Chigurh anatoka barazani, anasimama, anaangalia soli ya buti moja, anaangalia na nyingine, anashuka ngazi anaelekea kwenye gari. Basi. Hakuna neno. Mtu anayetoka kwenye nyumba safi ya mtu, yenye zulia, anakagua nyayo zake anatafuta nini? Sio matope, hakupita matopeni.

Ukiishia hapo unaweza kunibishia, kwamba labda ni tabia yake tu, mtu msafi. Na ni kweli ni tabia yake, ila tabia hiyo picha imeanza kukufundisha mapema sana. Rudi nyuma kwenye ile gesti anapowavamia Wamexico wanaomsubiri Moss. Anavua buti, anaingia na soksi ili asisikike, anawamaliza wote, alafu anakaa anavua zile soksi. Kwa mtu aliyetoka kuua watu ni kitu cha kijinga kukipa muda kwenye picha, kuvua soksi! Ila wahariri wakikuachia shoti ya kijinga kama hiyo kwenye picha iliyobanwa kiasi hiki, jua watakuja kukudai baadaye. (Mhariri kwenye majina ya mwisho anaitwa Roderick Jaynes, huyo mtu hayupo, ni Coen wenyewe wamejificha nyuma ya jina, na huyo mtu hewa akapendekezwa Oscar ya uhariri. Sisi tunaoediti video za harusi huku Arusha tunalipenda sana hili.)

Alafu inakuja sini ambayo kwangu ndo inafunga kesi. Carson Wells, yule jamaa wa kofia aliyetumwa kumtafuta Chigurh, kakaa kwenye kiti kule hotelini, Chigurh mbele yake na bunduki yenye sailensa. Simu inaita. Chigurh anampiga risasi Wells, anapokea simu. Anayepiga ni Moss, alikuwa anamtafuta Wells. Wanaongea, na wakati wanaongea damu ya Wells inatambaa sakafuni inasogea kwenye miguu ya Chigurh, naye bila kukatisha maongezi ananyanyua buti zake anaziweka juu ya kitanda. Damu inapita chini.

Na kwenye simu hiyo wanaongea nini? Hapo ndo utamu wenyewe, na najua DJ wengi wanapaharakisha. Chigurh anampa Moss ofa, niletee hela na mke wako nitamwacha, wewe huponi hilo sikudanganyi, lakini usipoleta basi na mke naye anahesabika kama wewe. Moss anamtishia naye, hakubali. Yaani ahadi ya kumuua Carla Jean na ile miguu inayokwepa damu zimewekwa kwenye sini moja, dakika moja, mtu mmoja akiwa amekaa palepale. Ni kusudi lile. Huko mbele barazani ukiona anaangalia soli, picha inakurudisha kwenye ile simu, ambako uliona kwa macho yako jinsi asivyotaka damu imguse na ulisikia kwa masikio yako ni nani anafuata. Hawahitaji kukuonyesha mwili, wameshakupa vipande vyote viwili, kilichobaki ni wewe kuviunganisha.

Hoja yako ni kwamba wengine wameonyeshwa. Wengine ndio, ila angalia vizuri inavyokwenda. Mwanzoni kabisa unaonyeshwa kila kitu, yule askari ananyongwa kwa pingu sakafuni muda mrefu mpaka unataka kugeuza uso, na sakafu inabaki na michirizi ya visigino vyake. Alafu taratibu picha inaanza kukunyima. Kuna yule mzee mwenye gari lenye matenga ya kuku anayesimama kumsaidia Chigurh barabarani. Chigurh anamuuliza kuhusu kutoa yale matenga. Sini inayofuata Chigurh yuko sehemu ya kuoshea magari anapuliza maji nyuma ya gari hilo hilo na manyoya yanatoka. Mzee hatumuoni tena. Hivi wewe ulipoona manyoya ulisema mzee kaachwa? Hukusema. Ni kama kuingia nyumba ya watu Uchagani siku ya Krismasi ukakuta ngozi ya mbuzi imeanikwa, huulizi mbuzi kaenda wapi.

Na kubwa zaidi, Moss mwenyewe. Sisi tumekulia kwenye imani kwamba steringi hafi, akifa ni mwisho kabisa na anakufa kwa heshima, kwa mashairi, adui naye yuko chini. Hapa steringi anauawa gestini El Paso, na kifo chenyewe hatukioni. Tunafika na Bell kwenye gari lake, tunasikia milio, tunaona jamaa wanakimbia na gari, alafu Moss yuko chini mlangoni, picha bado ina kipande kizuri cha kwenda. Tena hata hakuuawa na Chigurh, ni wale Wamexico, baada ya mama mkwe wake kumwambia mgeni mmoja mwenye adabu mahali wanapokwenda. Watu wengi wanakasirika hapo na wanazima. Sasa kama picha haikukuonyesha kifo cha steringi, kwanini ujipe uhakika kwamba ingeonyesha cha mke wake? Kufikia kwa Carla Jean umeshaonyeshwa kutoona mara kadhaa, yeye ndo mtihani.

Kuna wanaosema hatukusikia mlio wa risasi. Hilo wala halinisumbui. Bunduki yake ina sailensa, na kata ile haituambii imepita dakika moja au ishirini. Tumetolewa nje kabla ya tukio na tumemkuta anatoka baada ya tukio, mlio ungetokea katikati ambako sisi hatukuwepo.

Upande wa DJ una hoja moja yenye nguvu zaidi, na nashangaa haiji kwenye mabishano mara nyingi, kwa hiyo ngoja niwasaidie wapinzani wangu. Kuna mtu anamkatalia Chigurh usoni na anapona. Ni yule mama mnene wa ofisini kwenye eneo la nyumba za trela anakoishi Moss. Chigurh anamuuliza Moss anafanya kazi wapi, mama anagoma, anauliza tena, mama anagoma, na tena. Unamuona jamaa anapima. Alafu choo kinasikika kinavutwa maji, kuna mtu humo ndani, na Chigurh anageuka anaondoka zake. Kwa hiyo kumbe inawezekana mwanamke akasimama imara na jamaa akaondoka, DJ angeweza kuitumia hiyo. Ila linganisha. Yule mama hakuwa na deni naye, hakuna mtu aliyetoa ahadi juu yake, kumuua kungekuwa na gharama, yaani shahidi wa pili, bila faida yoyote. Carla Jean ni tofauti, yuko peke yake, ndo kwanza anatoka kumzika mama yake, na jamaa kaja kwa ajili ya kitu kimoja tu. Hela kashamwambia hana. Mwenyewe anasema alijua jambo hili halijaisha.

Na ile shilingi watu wanaielewa kinyume. Mnakumbuka yule mzee wa kituo cha mafuta, aliyeambiwa achague bila kujua anachezea nini? Mzee akasema kichwa, ikawa kichwa, akapona, na akaambiwa aitunze hiyo shilingi isichanganyike na nyingine. Hiyo inatuonyesha Chigurh anaheshimu shilingi, akishindwa anaondoka. Lakini maana yake shilingi ni mlango wa kutokea. Carla Jean kahukumiwa tayari kwenye ile simu, shilingi ndo nafasi pekee anayopewa, jamaa mwenyewe anasema hilo ndo kubwa analoweza kumfanyia. Akikataa kuchagua, hajaifuta hukumu, kaukataa mlango. Kabaki palepale ilipoachwa ahadi ya Chigurh kwa Moss.

Hapa kitabu kinaingia, na hapa niwe makini kidogo. Kwenye kitabu cha McCarthy, Carla Jean anakubali mwishoni, anasema kichwa, inatoka nyuma, anapigwa risasi, imeandikwa wazi. Wengi wanaishia hapo, kitabu kimesema kafa, funga mjadala. Mimi siitumii kama ushahidi wa picha, kwa sababu Coen hawa hawa wamebadilisha kitu kikubwa kabisa kwenye sini hiyo hiyo, wakimfanya akatae, na mtu aliyebadilisha hiki angeweza kubadilisha na kile. Kitabu kinakuambia kuhusu kitabu. Nikikosa buti na simu ningebaki na mashaka hata kama kitabu kinapiga kelele.

Ila ukishajua wamebadilisha, unaona walichotaka. Kwenye kitabu anacheza mchezo wa Chigurh na anashindwa. Kwenye picha hachezi. Na hapa DJ wenu kapatia nusu, hata mimi namvulia kofia, aliposema dada kamshinda kwa maneno. Kamshinda kweli! Picha nzima ni yeye pekee anayemwambia jamaa usisingizie shilingi, ni wewe. Wells, aliyejifanya anamjua, alianza kubembeleza na kuahidi hela. Huyu binti, aliyezika mama siku hiyo na hana hata senti, ndo anamvua nguo. Angalia uso wa Bardem pale, kuna kitu kinatikisika kidogo, hajazoea. Kosa la DJ ni kudhani kwamba ukimshinda mtu kwa hoja basi unapona. Kwenye picha zetu nyingi ndivyo inavyokuwa, adui anaguswa moyo, analia, anaacha silaha. Huyu hajaguswa hivyo, kasikia, na kafanya. Kwangu hiyo inauma zaidi kuliko ya kitabu, na nadhani ndo sababu hawakuonyesha, maana ukionyesha risasi pale mtazamaji anaondoka na risasi kichwani badala ya maneno yake.

Baada ya hapo anapata ajali, na watu wanasema ona, Mungu kamlipia, kwa hiyo kaua. Hapana, tusiende hivyo. Chigurh alikuwa na taa ya kijani, alikuwa anawaangalia kwenye kioo wale watoto wa baiskeli, gari likamgonga ubavuni. Mfupa wa mkono umetoka nje. Anayegongwa na kijani ni mtu ambaye bahati imemgeukia tu, hakimu hayupo hapo. Ananunua shati la mtoto mmoja ili afunge mkono, anawaambia hamjaniona, anachechemea anaondoka, na wale watoto wanaanza kugombania hela kabla hata hajafika mbali. Nikitaka kuthibitisha kifo cha Carla Jean sihitaji ajali hata kidogo.

Sasa usije ukachukua jibu langu ukafikiri kila kisichoonyeshwa kwenye hii picha kina jibu. Kuna vitu vimeachwa wazi kweli, na tofauti yake unaiona ukitafuta alama kama zile za buti na usizipate. Kwa mfano Chigurh anaishia wapi na ule mkono? Haijulikani. Bell keshastaafu, kakaa mezani na mke wake anasimulia ndoto mbili za baba yake na picha inaisha hapo, hakuna anayemfuata jamaa tena. Au ile usiku Bell anaporudi gesti ya El Paso, anaona kitasa kimetobolewa, tunakatiwa Chigurh yuko gizani, Bell anaingia, hakuna mtu, na dirisha la bafuni limefungwa kwa ndani. Vipande viwili vinavyopingana, na picha haijakupa cha tatu. Wapo wanaosema alikuwa chumba kingine, wapo wanaosema ni hofu ya mzee ndo tunayoiona, mimi huwa nabadilika kila nikiiangalia.

Na yupo mhasibu. Chigurh kaingia ofisini kwa yule bosi aliyemtuma Wells, kampiga bosi risasi, na kuna mtu wa mahesabu kakaa pale kaganda. Anauliza, na mimi utaniua? Chigurh anamwambia inategemea, kwani umeniona? Kata. Hatumuoni tena mhasibu, hatuoni damu, hatuoni mtu akifuta viatu. Mimi naegemea kwamba alikufa, kwa sababu jibu salama lingekuwa kusema sijakuona wakati mtu kasimama mbele yako, lakini nikikuambia ni hakika nitakuwa nimeanza kufanya kazi ya DJ.